Madirisha Saba ya Ndege Mbovu

Watu wazima wawili walisimama kwenye uzio wa yadi ya vyuma chakavu, darubini machoni, wakiitazama ndege mbovu kama watu wanaomsubiri bibi harusi ajifunue. Bwana Laini alizima pikipiki yake palepale. Katika kazi yake, mtu anayekipenda kitu kisicho na thamani ni riziki iliyoletwa mpaka mlangoni.

Ndege yenyewe haikuwa na injini wala magurudumu. Rangi ilikuwa imebabuka hata namba ya mkiani haikusomeka. Kuku waliingia kwa mlango wa abiria na kutokea kwa rubani, bila tiketi.

"Shikamoo, mzee," alisema Laini.

"Marahaba, baba. Sogea kidogo, unanizibia mkia."

Mzee huyo alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mwenyekiti wa chama cha watu wanaotafuta ndege za zamani, zilizotunzwa na zilizotupwa, wakazipiga picha na kuziandika daftarini kabla hazijageuzwa masufuria. Chama kilikuwa na wanachama tisa, saba kati yao wakiwa wagonjwa wa magoti. Msichana aliyesimama kando yake ndiye katibu.

"Mnaziandika ili iweje?" Laini aliuliza.

"Ijulikane kwamba zilikuwepo."

"Ikishajulikana?"

"Basi."

Laini aliinamisha kichwa kwa heshima, kama mtu aliyepita karibu na msiba.

"Hii itakatwa Ijumaa," Mwalimu aliendelea. "Mama Vyuma, mwenye yadi, hata geti hatufungulii. Anataka pesa, na sisi tuna madaftari."

Macho ya Katibu yalikuwa kwenye kiraka cha bati chini ya dirisha la nne. Kilipigwa na baba yake, fundi wa ndege, miaka mitatu kabla hajafariki, na yeye aliutambua mkono wake kama mtu anavyotambua mwandiko. Usiku wa jana alihesabu akiba yake mara tatu. Haikutosha hata kununua bawa.

"Na ni ndege gani," Laini aliuliza kwa sauti ya asali, "ambayo mkiipata mtakufa mnacheka?"

"Namba 417!" Mwalimu alijibu. "Ina miaka thelathini haijulikani ilipo. Mwanachama wetu mmoja, mwenye viwanda, ameahidi bei ya nyumba kwa atakayeileta hiyo, na hiyo tu."

Mwalimu alikuwa amefundisha miaka arobaini bila kujifunza kwamba si kila swali linastahili jibu.

Jioni hiyo fundi bati alimgongea Laini kibati chenye namba 417. Laini akakilaza kwenye siki, akakisugua kwa mchanga, na kesho yake akakifikisha sebuleni kwa Mwalimu kikiwa kimezeeka kuliko mwenye nyumba.

"Mungu ni mkubwa," alisema, akikifunua kwenye leso. "Niliingia yadini kwa Mama Vyuma. Kuku wamenidonoa, lakini nimekitoa ndani ya ndege ileile mliyokuwa mnaitazama."

Mwalimu alikigeuza, akafungua kinywa. Kila mwanachama, hata wa magoti, alijua kwamba 417 iliundwa na madirisha matano kila upande. Ile ya yadini ilikuwa na saba, na mtu aliweza kuyahesabu akiwa barabarani. Isitoshe, hakuna mwanachama anayebandua kibati. Ni sawa na kumng'oa bibi yako meno ili ujue umri wake.

Katibu, aliyeketi kando yake, alimkanyaga mguu.

"Aisee!" alisema Mwalimu, kwa maumivu. Laini akadhani ni furaha.

"Kaka," Katibu alisema polepole, na hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza, "unaweza kutuletea ndege nzima pale chuoni kwangu, chuo cha ufundi, kabla ya Ijumaa?"

"Kwa bei ya nyumba, dada yangu, nitaibeba mgongoni."

"Basi tuandikiane."

Aliandika kwa mkono mzuri wa chuoni: malipo yote yatatolewa ndege ikishafika na kuthibitishwa kuwa ni 417. Ikiwa siyo, muuzaji ataiondoa kabla ya jua kuzama, na akishindwa itabaki kuwa mali ya chama.

Laini alisoma yote, akatabasamu. Imani yake kuu maishani ilikuwa kwamba mwenye mapenzi hahakiki. Akatia sahihi yenye mikia mitatu.

"Hakuna cha kutanguliza?"

"Chama kina chai," alisema Mwalimu.

Laini akauza pikipiki. Haikutosha, akauza na friji ya dada yake, dada mwenyewe akiwa kazini.

"Ndege ya nini wewe?" Mama Vyuma alimshangaa. "Hata kuku wangu wanalala humo kwa shida tu."

"Mapenzi, Mama."

"Kumbe! Mapenzi yana bei yake," alijibu, akaizidisha mara mbili.

Alhamisi alasiri, lori liliingia chuoni na ndege mgongoni. Winchi ikaishusha. Kuku mmoja akashuka nayo, akaangalia huku na huku kama mgeni rasmi.

"Haya, nyumba yangu," Laini alisema akisugua viganja. "Kibati mnacho."

"Hicho ni cha mkononi, kaka. Sisi husoma kilichopigiliwa."

Katibu alitambaa mpaka nyuma ya kiti cha rubani akiwa na tochi na mswaki. Akasugua kutu. Kisha sauti yake ikasikika ikitetemeka, na Laini, mtaalamu wa sauti za watu, alijua kwamba haikuwa ya huzuni.

"Namba 386!"

"Na madirisha ni saba!" Mwalimu alilipuka. "Saba! Siku mbili nimeyabana kifuani, nusura nipasuke!"

"Mlijua?"

"Baba, hata kipofu angepapasa akajua."

"Huu ni utapeli!" alisema Laini, kwa uchungu wa mtu anayelisikia neno hilo kwa mara ya kwanza. "Nitawashtaki!"

"Sawa. Mbele ya hakimu utaanza na mkataba, au utaanza na kile kibati?" Katibu aliuliza kutoka ndani ya ndege.

Laini aligeukia lori. Dereva alikuwa ameshachukua chake na sasa anakata kona ya geti, winchi ikimfuata.

"Unaruhusiwa kuiondoa," Mwalimu alisema kwa adabu. "Jua bado lipo."

Katibu alitoka na vumbi nywelini. Aliweka kiganja juu ya kiraka, akakiacha hapo kidogo. Kisha akamtazama Laini, na huruma ikamshika, maana hakuzaliwa na moyo wa kumcheka mtu.

"Kaka, daftari letu lina ukurasa wa wafadhili. Tukuandike?"

"Mfadhili analipwa?"

"Hapana, kaka. Anapigwa picha."

Laini alifikiri. Aliitazama ndege, aligusa mifuko mitupu, akaitazama tena ndege. Hatimaye akanyoosha kola, akaegemea bawa, akatoa tabasamu lenye meno yote.

Picha hiyo imetundikwa ofisini chuoni, na chini yake, kwa mkono mzuri wa Katibu, pameandikwa: *Aliyeiokoa namba 386, kwa gharama zake mwenyewe.*