Kibali cha Kuozesha

Siku mke wangu alipofariki ndiyo siku Manispaa yetu ilipotangaza Enzi Mpya ya Taka za Bustani. Mambo haya mawili hayakuhusiana. Naliweka wazi hilo mapema, kwa sababu mimi ni mtumishi wa Idara ya Usafi na Mandhari, Msaidizi wa Pili wa Mapokezi, na sipendi idara yangu isingiziwe jambo lisilo lake. Asubuhi hiyo mimi nilikuwa hospitali nimeshika mkoba wake, na Mkurugenzi alikuwa mbele ya vipaza sauti, ameshika jani.

"Jani hili," alisema, "halitaanguka tena ovyo."

Watu wakapiga makofi. Nilisimuliwa.

Nia ya Enzi Mpya ilikuwa njema kabisa. Mtaa wetu umebanana, lakini kila ua una kamti na kaeneo ka nyasi, na watu walizoea kuchoma majani hadi nguo kwenye kamba zinanuka moshi. Idara ikaona taka za bustani zisichomwe wala zisitupwe, bali zilundikwe, zioze vizuri, ziwe mboji, zirudi udongoni. Mke wangu alikuwa akilifanya hilo nyuma ya nyumba yetu kwa miaka, bila enzi yoyote. Majirani walimletea nyasi, maganda ya ndizi, masalia ya chai, na kinyozi wa jirani alimletea nywele za wateja kwenye mfuko. Walimwita Mama Maganda, naye aliitika. Idara ikaamua kuliwekea jambo hili utaratibu, maana jambo jema lisilo na utaratibu linaweza kufanywa na mtu yeyote.

Likaandaliwa bango. Rasimu ilisema ni marufuku kuozesha majani, nyasi, maganda na taka nyingine za bustani nyumbani bila kibali. Lakini Mkurugenzi alitaka picha yake iwe kubwa, na tabasamu lake si la kubanwabanwa. Mchora mabango akaomba nafasi, akapewa nafasi ya majani. Picha ikapanuka, ikala nyasi, ikala maganda, ikala taka nyingine zote. Mabango yalipobandikwa, chini ya meno ya Mkurugenzi yalibaki maneno haya tu:

NI MARUFUKU KUOZESHA NYUMBANI BILA KIBALI.

Sentensi safi. Mimi mwenyewe ningeipitisha.

Niliporudi kazini baada ya msiba, nilikuta foleni imetoka nje ya geti mpaka kwa muuza magazeti. Wengi walikuwa wanaume wa makamo, wamevaa makoti, wamepiga viatu rangi. Roho yangu ilitulia kidogo. Nikajua wananchi wameipokea mboji kwa heshima inayostahili.

Wa kwanza dirishani alikuwa jirani yangu kinyozi. Pembeni yangu aliketi Mkaguzi, dada mmoja makini mwenye kipimajoto kirefu kama mkuki, aliyefunzwa kuuliza maswali yote kwa mpangilio na asiruke hata moja.

"Pole tena na msiba, jirani," kinyozi alianza.

"Ahsante, jirani. Mwelekee Mkaguzi."

"Unataka kuozesha nini?" Mkaguzi aliuliza.

"Binti yangu, dada. Wa kwanza."

Mkaguzi akaandika bila kuinua kichwa. "Kimekaa muda gani?"

"Nani, binti? Ana miaka ishirini na sita."

"Miaka! Na bado hakijaoza?" Akaninong'oneza: "Hiyo ina plastiki."

"Wachumba walikuja, akawakataa mwenyewe," kinyozi alijitetea. "Sikumzuia mimi."

"Mnakigeuza?"

"Mama yake amemgeuza mpaka amekoma. Kichwa kama jiwe."

"Kinatoa harufu?"

Kinyozi akanigeukia taratibu. "Jirani, hii ofisi yenu ina adabu kweli?"

"Jibu tu, jirani. Ni utaratibu."

"Ananukia vizuri," alisema. "Mungu shahidi."

"Wadudu?"

"Yupo mmoja. Ana pikipiki, huwa anamsubiri pale kona. Ndiye huyo anayetaka kumwoa."

Hapo Mkaguzi aliweka kalamu chini. Tukatazamana. Nyuma ya kinyozi, foleni nzima ya akina baba ilikuwa imetulia tuli, kila mmoja na binti yake moyoni.

Nilipanda ghorofani kwa Mkurugenzi nikamweleza kwamba wananchi wamedhani ni habari ya ndoa.

"Wako wengi?"

"Wamefika kwa muuza magazeti, mheshimiwa."

"Na ile kampeni yangu ya kufagia kwa hiari, walikuja wangapi?"

"Alikuja mchora mabango, mheshimiwa. Kudai ngazi yake."

Mkurugenzi akazunguka na kiti chake mpaka dirishani. Aliitazama ile foleni kama mtu anayetazama shamba lake. "Basi hawakukosea," alisema. "Wameelewa kwa upana. Kuozesha ni kuozesha. Kanuni ziwe zile zile kwa wote, jani au binti. Nani atasema tunapendelea?"

Kanuni hizo alizitunga yeye mwenyewe kabla ya chai, na lazima nikiri zina mantiki. Kuozesha kokote kutafanyika penye lundo lililosajiliwa tu. Mwozeshaji atageuza kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya Mkaguzi. Tena ataendelea kugeuza kila Jumamosi kwa muda wote wa uhai wa kilichoozeshwa. Mfungisha ndoa atakayekaidi, shauri yake. Wafungisha ndoa wote wa mtaa wakawa wapole ghafla.

Nilipokuwa pale pale nikaomba na langu. "Mheshimiwa, nyuma ya nyumba yangu kuna lundo. Ni la mke wangu. Naomba lipate kibali."

"Mwenye lundo aje mwenyewe."

"Amefariki, mheshimiwa."

"Pole sana. Aje na kitambulisho."

"Hawezi kuja."

"Basi aandike kwa nini hawezi." Alikuwa akitia saini karatasi nyingine huku akizungumza. Hakuwa na ubaya wowote. "Lisipopata kibali wiki hii, lori litalibeba dampo. Huo ndio usafi."

Jioni ile nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mkabala na lundo. Mke wangu alikuwa na namna yake: nyasi mbichi chini, majani makavu juu, kama anamfunika mtu shuka, kisha maji kidogo ya kunyunyiza kwa mkono. Ukilisogelea na viatu alikupigia kelele jikoni kule kule. "We baba, usilikanyage! Linapumua!" Sasa jikoni kulikuwa kimya. Mto wake, sahani yake, kiti chake, vyote vilikuwa vimepoa. Niliingiza mkono ndani ya lile lundo mpaka kwenye kiwiko. Lilikuwa na joto. Katika vyote alivyogusa, ndicho kitu pekee kilichobaki na joto, na lori lilikuwa linakuja kukibeba.

Lilikuja. Lilikuwa limekwishapita mtaa mzima, malundo yote yamebebwa, kwa sababu wenyewe walikuwa hai na walitia saini za kukubali. Dereva akateremsha bodi ya nyuma, vijana wake wakashika masepetu, Mkaguzi akafungua faili.

"Mwenye lundo asaini hapa."

"Si mimi," nilisema.

"Yuko wapi?"

"Makaburini."

Dereva alivua kofia. "Ngoja kwanza. Mama Maganda huyu huyu? Aliyekuwa anatuletea maji ya baridi, halafu anatugombeza kwamba tunatupa mali?"

"Ndiye."

"Aisee. Pole, mzee." Akamgeukia Mkaguzi. "Dada, tupakie tu tuondoke?"

"Bila saini ya mwenyewe?" Mkaguzi alitoa macho. "Nimwage unga kwa ajili ya majani?"

Nami, kama mtumishi, nisingekubali utaratibu uvunjwe mbele ya macho yangu. Nililisema hilo kwa msisitizo, mara kadhaa. Mkaguzi akapekua kanuni mbele na nyuma. Lundo halikuweza kupewa kibali kwa sababu mwenyewe hayupo, na halikuweza kuondolewa kwa sababu mwenyewe hayupo. Mwisho akapata kifungu: kitu kisichoondosheka ndani ya Manispaa husajiliwa kuwa miundombinu ya kudumu. Akaliandika hapo hapo, chini ya daraja na tangi la maji.

Lori likageuza tupu. Dereva alipiga honi kwenye kona, nadhani kwa heshima.

Sikuwaza zaidi ya hapo. Ni kinyozi aliyewaza. Aliniita kutoka juu ya ukuta, ana povu la sabuni mkononi, amemwacha mteja nusu.

"Jirani! Malundo yote yamezolewa, si ndiyo?"

"Yote."

"La Mama Maganda limesajiliwa?"

"La kudumu."

"Kwa hiyo katika mji huu mzima, pa kuozesha ni hapo kwako tu?"

Nikafikiri. "Kwa mujibu wa kanuni, ndiyo."

Alicheka mpaka mteja akatoka na kitambaa shingoni kuja kuuliza kuna nini.

Jumamosi iliyofuata ua wangu ulijaa. Viti vya kukodi vilipangwa kuzunguka lundo, na binti wa kinyozi alikaa mbele na yule mdudu wake wa pikipiki, aliyevaa suti inayombana kwapani. Kinyozi alishika uma wa bustani kama bendera. Tulikuwa tunamsubiri Mkaguzi apime joto ndipo yakaingia magari yenye maua kwenye vioo, yamewasha taa mchana kweupe, na ndani ya la kwanza alikuwa Mkurugenzi.

Nilikuwa nimesahau kwamba siku hiyo anamwozesha binti yake. Ukumbi ulikuwa tayari, wageni wamekaa, muziki umeshaanza, ndipo mfungisha ndoa alipouliza kwa upole sana: "Mheshimiwa, kibali cha kuozesha?"

"Mimi ndiye ninayevitoa!"

"Najua, mheshimiwa. Cha kwako kiko wapi?"

Wakakimbilia ofisini. Mkaguzi hakuwepo, alikuwa kwangu. Wakaja kwangu.

"Harakisha hii kitu," Mkurugenzi alimwambia Mkaguzi, akijibaraguza. "Nina wageni wa heshima."

"Ndiyo, mheshimiwa. Foleni inaanzia kule, nyuma ya yule mzee mwenye uma."

"Mimi?"

"Kanuni zile zile kwa wote," Mkaguzi alisema, na hakuwa anatania. Sijawahi kumwona akitania.

Kinyozi hakuwa na haraka hata kidogo. Aligeuza lundo kwa madaha, akamwaga na mfuko wa nywele, akalinyunyizia maji, akawauliza wageni wa Mkurugenzi kama wanaona vizuri. Binti yake akaozwa, vigelegele vikapasua anga. Kisha akanyoosha uma.

"Karibu, mheshimiwa. Shika katikati, usije ukatoka malengelenge."

Mkurugenzi alivua koti. Alichoma uma juu juu, kama mtu anayechokoa meno.

"Chini zaidi, mheshimiwa," Mkaguzi alisema. "Hewa ifike."

Akachoma chini. Mvuke ukapanda wote, ukafunika miwani yake. Ua mzima ukaanza kupiga makofi kwa mpigo mmoja: "Geuza! Geuza!" Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa binti yake mwenyewe, ameinua gauni jeupe lisiguse chini, wanja umeshamchuruzika kwa kucheka. "Baba, geuza! Unataka nizeekee hapa?"

Mkurugenzi akageuza. Alipofika chini kabisa kikatokea kitu cheusi, laini, kinachonukia kama ardhi iliyopata mvua. Nilichota kiganja kimoja. Ndani yake mlikuwa na vijipande vyeupe vya maganda ya mayai. Aliyaponda mke wangu, kwa chupa, wiki aliyolazwa. Majani yalikuwa yamekwisha, nyasi zimekwisha, hivyo tu vilikuwa bado havijakubali. Nilivirudisha mahali pake kwa upole na kuendelea kupiga makofi.

Jumatatu Mkurugenzi alitaka kuzifuta kanuni. Mwanasheria wa Manispaa alimwambia inawezekana, ila kibali kikifutwa na kilichoozeshwa kwa kibali hicho hakijaozeshwa, na binti atarudi nyumbani na masanduku yake. Mkurugenzi akauliza kile kifungu cha "muda wote wa uhai wa kilichoozeshwa" kilitungwa na mjinga gani. Siku hizi huwauliza wanandoa hali zao mara kwa mara, kwa sauti ya mtu anayeulizia mvua. Wanaelewana sana. Nasikia wanatarajia mtoto.

Kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi anakuja, yeye na kinyozi. Kinyozi anakuja na nywele, yeye anakuja na majani ya nyumbani kwake, maana nimemwambia asije mikono mitupu. Anavua koti na kulitundika kwenye ule msumari mke wangu aliotundikia aproni. Nampa uma. Namwambia asilikanyage, linapumua.