Masega Yaliyoziba

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Taa ya injini imewaka. Ya manjano. Gari halivuti; kilima cha kwa chifu limekipanda likikohoa. Na Jumamosi namwoza binti yangu Lynn kule Molo! Anataka kufika kanisani kwa gari letu hilihili lililompeleka shule, kisha nimshike mkono hadi madhabahuni. Machozi yalinilenga. Shemeji Mathenge, kaka ya mke wangu Wariara, ana gari jipya na amejitolea mara tatu. Hakuna aliyemwomba. Fundi Masinde amechomeka mashine yake, akasema atanipigia. Nimebandika plasta juu ya taa, Wariara asijue.

Jumanne, 5 Agosti

Masinde amepiga. "Mzee, masega zimejaa. Ndio gari haina nguvu. Zitolewe tu, itapaa." Nimestaajabu. Kweli kwenye buti mna ndoo nne za masega ya asali, zawadi ya kuwapelekea wakwe, lakini yeye hakufungua buti! Mashine za siku hizi zinaona kila kitu. Nikamwambia nitatoa mwenyewe. Akasita, akaonya ningoje gari lipoe nisije nikaungua. Kuungua na asali? Ila mtaalamu habishiwi. Nimengoja saa tatu nzima.

Jumatano, 6 Agosti

Ndoo zote ziko barazani. Gari limekuwa jepesi, naapa. Hadi dukani, barabara tambarare, limeteleza tu. Nimempigia Masinde. Akauliza kama nimetoa yote. Yote! Akasema mimi ni fundi kamili. Kichwa kikavimba. Akasema ana mtu wa kuyanunua. Nikamjibu hayauzwi, wakwe watayala Jumamosi. Akasema haya mzee, kila jamii na mila zake.

Alhamisi, 7 Agosti

Nyuki wameyapata masega kabla ya wakwe. Dada yangu Waithera, kiongozi wa kwaya ya harusi, ameumwa mdomoni mara mbili. Haleluya haitoki. Wariara akauliza ni nani aliyeweka ndoo barazani. Nikasema ni ushauri wa kitaalamu. Mathenge akacheka hadi akakaa chini. Mcheka kilema!

Jumamosi, 9 Agosti

Tulipopita Salgaa, mlima ukaanza. Sitini. Thelathini. Kumi. Mkokoteni wa punda ukatupita na mikebe yake ya maziwa, na mwenye punda akatusalimia. Nikazima hata redio. Wapi! Gari likasimama. Lynn akakunja shela lake, akashuka. Mathenge, aliyekuwa nyuma yetu tangu nyumbani, akamfungulia mlango. Lynn akanisihi nipande nao. Nikakataa, eti nawafuata sasa hivi. Kiburi tu.

Nikampigia Masinde, akaja kwa boda, akajilaza chini ya gari, akanionyesha chuma kilichotuna kwenye bomba la moshi. "Masega ndio hizi, mzee!" Kumbe ndani mna vitundu vya kupitishia moshi, kama vya sega la nyuki, na vimeziba. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema alisema.

Nilifika Molo wakikata keki. Mathenge ndiye aliyemshika Lynn mkono. Imeniuma sana. Sitaki kuandika zaidi.

Jumatatu, 11 Agosti

Masinde ameyatoa masega yenyewe. Gari linanguruma, vilima linavila! Lynn amepiga simu, akauliza kama nitampelekea vyombo vyake kesho au amwambie mjomba. Mjomba wa nini? Nakuja mimi!

Jioni taa nyingine imewaka. Nyekundu, mfano wa birika lenye tone mdomoni. Wariara anasema hiyo ni ya oili, nimwite Masinde kabla sijawasha gari tena. Thubutu! Mara hii sidanganyiki na maneno ya mafundi. Birika ni la maji, hata mtoto anajua. Nimejaza rejeta hadi maji yakamwagika miguuni. Nimemwambia Lynn asimame getini saa tatu kamili.