Kaboni Yangu na Friji la Shangazi

Jumatatu, 9 Juni
Hatimaye! Mwaka mzima naosha chupa za maabara, na leo Daktari, mkuu wa maabara, katamka: nafasi moja mezani, ya kufanya utafiti. Ataipata atakayemletea kaboni yenye vitundu vidogo vilivyojipanga kama sega la nyuki. Mwisho Ijumaa saa kumi. Anataka kupachika chembe za madini humo ndani ziwe kichocheo. Vitundu vikikaa ovyo, madini yanarundikana, kazi bure.

Tunaoitaka ni wawili. Miwani ana cheti. Mimi nina simu na akili.

Kazi yenyewe nyepesi! Unga mweupe wa silika, madini ya mchanga, ndio kalibu, yaani umbo la kufinyangia vitundu. Unaulowesha maji ya sukari, unauchoma bila hewa mpaka sukari igeuke makaa, halafu unaiyeyusha silika kwa soda kali, ile ya kutengenezea sabuni. Kalibu inakwenda zake, makaa yanabaki na vitundu. Mzee Tanuri, mlinzi wa tanuri la umeme, kasema nipitishe gesi ya naitrojeni masaa mawili kwanza, hewa yote itoke. Masaa mawili! Mimi nina umri wake? Nimepitisha dakika kumi.

Jumanne, 10 Juni
Nimefungua tanuri. Unga mweupe. Mweupe pe! Sukari yote imeungua ikapaa, kalibu imebaki inanikodolea macho.

Hujuma! Nimemwambia Miwani mbele za watu kuwa kalegeza mpira wa gesi. Kaniuliza, kwa upole kabisa, eti nilisubiri muda gani. Dharau gani hii! Mimi ndiye mlalamikaji, halafu nahojiwa mimi. Mzee Tanuri kacheka mpaka kashika ukuta. Eti kijana wangu, sukari hiyo bora ungeinywea chai.

Alhamisi, 12 Juni
Jana nilifuta jina la Miwani kwenye ubao wa zamu za tanuri, nikaandika langu. Si wizi. Ni marekebisho. Mzee Tanuri akavuta kiti, akakaa mbele ya swichi, akagoma kuiwasha mpaka masaa mawili ya gesi yaishe. Udikteta mtupu! Nikavumilia.

Leo: nyeusi tii! Nimeiosha kwa soda, nimeikausha, Daktari kaitazama kwa hadubini kubwa. Vitundu safu kwa safu! Kaguna kwa raha. Kasema niilete kesho kwa kupimwa rasmi. Mzee Tanuri anajifanya kachangia. Watu hawana haya.

Kuiacha maabara, Miwani yupo? Thubutu! Nimeitia kwenye kopo, nimeibeba nyumbani, nimeificha kwenye friji la shangazi, nyuma ya samaki. Akili hiyo.

Ijumaa, 13 Juni
Nimeamka, shangazi ananishukuru. Eti mwanangu, wewe na makaa yako mbarikiwe, friji halinuki tena! Kafungua kopo, kaliacha wazi usiku kucha. Kila kitundu kimejaa samaki! Nikamuuliza nani kamruhusu. Kaniuliza friji la nani.

Nimekimbilia maabara kuichoma upya, harufu itoke. Mzee Tanuri karudia wimbo wake wa masaa mawili. Alipokwenda msalani nikapitisha gesi dakika tano nikawasha. Kuna watu tuna haraka!

Saa tisa na nusu nimefungua. Kikombe cheupe, kisafi. Hakuna kitu! Jumanne angalau silika ilibaki. Leo hata jivu la kupuliza hakuna.

Saa kumi Miwani kaweka mezani kaboni yake, kaichoma Alhamisi, taratibu, kama mtu anayelea mtoto. Mimi nimeweka kikombe. Daktari kakigeuza juu chini. Kasema nafasi ni ya Miwani, ila vitundu vyangu vya jana vilimvutia. Nikimletea Jumatatu hata nusu kijiko, atatafuta meza ya pili. Nisipoileta, nirudi kwenye chupa zangu.

Jumamosi, 14 Juni
Shangazi malaika! Alikuwa kaiba kijiko kizima cha kaboni yangu, kakiweka kwenye kisahani pembeni ya mayai. Kijiko kizima! Meza ya pili ni yangu.

Inanuka samaki, bila shaka. Na maabara imefungwa. Lakini jiko la shangazi lipo, na kopo la maziwa lipo. Nimempigia Mzee Tanuri kwa heshima tu. Kapiga kelele mpaka simu ikakwaruza: mwanangu nakusihi, usiwashe chochote, funga hicho kitu, kilete Jumatatu, nitakuchomea mwenyewe! Wivu wa wazee.

Nimewasha. Moto mkubwa. Kifuniko nimekiacha wazi kidogo, samaki apate pa kutokea.