Seva Tatu na Chumba Kimoja cha Juu

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha asubuhi. Mkuu wa maktaba ametangaza kwamba wasomaji sasa watatafuta vitabu kwa kompyuta, si kwa kadi. Bodi inakuja Ijumaa ya wiki ijayo kujionea. Akauliza nani anaweza kusakinisha programu zenyewe. Mkono wangu ukawa juu kabla mimi mwenyewe sijashauriwa.

Nikaulizwa kama nimewahi. Nikasema mara nyingi. Ukweli ni kwamba niliwahi kumtazama shemeji yangu akifanya hivyo kwenye duka lake la vipuri. Nusu ya kwanza tu, kabla chai haijaletwa.

Kazi si kubwa. Programu mbili. Ya kwanza ni seva ya hifadhidata, inayotunza taarifa za vitabu. Ya pili ni ya kutafuta: inachungulia humo na kumjibu msomaji. Taarifa zenyewe nilishazichapa mwaka mzima uliopita, kadi moja moja. Vitabu 6,212. Vidole vyangu ni mashahidi.

Atakayesimamia mfumo anapewa chumba cha juu. Chumba chenye dirisha! Nimekitamani miaka sita. Mfumo ukishindikana, nahamia stoo ya magazeti, chini kabisa, kwenye unyevu na taa moja, kwa kuwa meza yangu inahitajika kwa ajili ya printa. Nimezidiwa hadhi na printa.

Mpinzani ni mmoja, Mama Kadi. Ameyalinda madroo ya kadi miaka ishirini na miwili, na hicho chumba ameshaahidiwa na wakuu watatu waliopita. Mkuu amesema mashine ikifanya kazi, madroo yatatolewa. Mama Kadi akasema hana neno, ila yangengoja kwanza mashine ionekane inajibu. Wivu mtupu.

Jumanne, 4 Machi

Jana nilichapisha mwongozo wa usakinishaji, kurasa arobaini, nikaupeleka nyumbani kuusoma. Sikuusoma. Mwongozo ni wa wasiojua. Mke wangu ni fundi cherehani na alikuwa anatafuta karatasi ngumu za kuchorea kola. Nikampa zote. Akafurahi. Ndoa ni kusaidiana.

Leo nimesakinisha seva. Imekubali mara ya kwanza! Nikaingiza vitabu vyote 6,212, hakuna hata kimoja kilichodondoka njiani. Saa sita nilikuwa nimemaliza, nikajinyoosha kwenye kiti.

Kisha nikaweka neno la siri, ili Mama Kadi asije akaingia na kuvuruga. Refu, gumu, na mwishoni nimetia idadi ya ngazi za kupandia chumba cha juu. Sijaliandika popote. Huwa natamka herufi moja moja ninapochapa, inasaidia vidole. Hakukuwa na mtu wa kusikia. Alikuwepo Mama Kadi tu, meza ya pili, akiandika kadi zake kama kawaida.

Alhamisi, 6 Machi

Programu ya kutafuta inataka neno la siri la seva ili iweze kuingia. Nimelisahau.

Sijalisahau lote. Sehemu kubwa ninayo. Ngazi ndizo zinazonipiga chenga. Nimepanda na kushuka mara nne kuzihesabu. Mara mbili nimepata kumi na saba, mara mbili kumi na nane. Inategemea kama kile kizingiti cha juu ni ngazi au ni sakafu. Halafu sikumbuki kama nilianza na herufi kubwa. Nimejaribu mara tano, seva ikanifungia nje kwa nusu saa. Nikajaribu tena tano. Ikanifungia kwa saa mbili.

Mama Kadi akaniuliza mwanangu, kuna nini huko juu. Nikamjibu ninafanya mazoezi. Akasema ni vizuri, ila nivae viatu visivyopiga kelele, wasomaji wanalalamika.

Jibu ni rahisi: kusakinisha upya, na neno jipya. Kesho.

Ijumaa, 7 Machi

Hujuma!

Nimesakinisha seva upya. Skrini ikaandika kwamba namba 7700 inatumiwa na programu nyingine. Niifafanue hapa, nisije nikasahau. Kila seva inapokea wateja kwenye namba yake, kama karani kwenye dirisha lake. Dirisha moja, karani mmoja. Sasa nani amekaa kwenye dirisha langu?

Nimezima kompyuta na kuiwasha. Bado yupo. Nimezima, nikanywa maji, nikaiwasha. Yupo. Mtu ameweka programu yake kwenye mashine yangu, na katika jengo hili mwenye sababu ni mmoja tu. Nimemchunguza mchana mzima kutoka nyuma ya rafu ya kamusi. Anaandika kadi. Anapiga muhuri. Msomaji mmoja alimwomba kitabu cha kuchimba visima, akakipata kabla sijamaliza kupiga chafya. Anajifanya hajui kitu.

Basi nimeipa seva yangu namba 7701. Ikakubali bila ubishi. Na kwa usalama nimeondoka na kipanya cha kompyuta mfukoni. Bila kipanya hatafika mbali.

Jumatatu, 10 Machi

Kipanya nimekisahau kwenye suruali nyingine. Nimerudi nyumbani kukichukua. Saa nzima imepotea kwa sababu ya Mama Kadi.

Nimeunganisha programu ya kutafuta na seva ya 7701. Imeunganika! Nikaandika neno “kilimo”. Jibu: matokeo 0. Nikaandika “historia”. 0. Nikaandika “kitabu”. Maktaba nzima, hakuna kitabu.

Hujuma ya pili. Ameniibia vitabu.

Nikajikaza kisabuni, nikaenda mezani kwake kumtega. Nikamuuliza, kwa mfano tu, kadi zikipotea huwa anafanyaje. Akasema kadi hazipotei, zinakuwa kwenye droo nyingine. Kisha akanisimulia, bila kuombwa, kwamba wenye kazi hiyo wana desturi yao: ukianzisha droo mpya ya herufi fulani, kwanza unahamisha kadi, halafu ile ya zamani unaifunga kwa kamba. Usipofanya hivyo unabaki na droo mbili zenye jina moja, kadi zote ziko kwenye moja na wewe unapekua ile nyingine. Akaniuliza kama yangu ya zamani niliifunga kamba.

Nikacheka. Nikamweleza kwa upole kwamba hii ni teknolojia, mama, kamba hazihusiki. Akasema haya.

Jioni nikasakinisha seva ya tatu, namba 7702. Matokeo 0. Sasa nina seva tatu. Shemeji ana moja tu na duka zima.

Jumanne, 11 Machi

Mke wangu amenichosha. Alikuwa anakata kola mezani, akasimama ghafla na kusema kwamba kola ya shati la mwalimu inazungumza habari zangu. Akasoma: namba ikionekana inatumika, angalia kwanza kama hukuwahi kusakinisha seva hiyohiyo hapo kabla. Na chini yake: liandike neno la siri, ulihifadhi mahali ambapo wenzako watalipata.

Nikamwambia aendelee na vifungo. Seva ya kwanza ni yangu, naijua. Niliiacha, nikaenda zangu. Yeye akauliza je, na yenyewe ilijua kwamba imeachwa. Swali gani hilo? Akasema ataitia hiyo karatasi kwenye mfuko wangu wa chakula. Nikasema atie anachotaka.

Usingizi umekataa kidogo. Nikifumba macho naona ile stoo. Mwaka jana nilikaa humo siku mbili nikakohoa wiki tatu. Ninakitaka kile chumba. Ninataka niinue macho kutoka kwenye kazi nione mtu anapita barabarani. Si makuu.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata ufumbuzi. Kwa nini nihangaike na seva? Bodi haitaki seva, inataka kuona jibu.

Nimetengeneza ukurasa wenye kisanduku cha kutafutia, mzuri, wa bluu. Ukibofya Tafuta, unasubiri kidogo, kisha yanatokea majibu matatu: Ufugaji wa Nyuki, Historia ya Reli, na Sarufi kwa Wanaoanza. Kila kimoja na namba ya rafu yake. Mtu akiandika nyuki, anapata nyuki. Akiandika reli, anapata reli. Kitakachobaki ni mimi kumwongoza mwenyekiti wa bodi aandike nyuki. Watu wazima wanapenda nyuki.

Mkuu alipita akaona majibu, akanishika bega. Akasema anajivunia. Kwa dakika moja nilitaka kumwambia yote. Dakika ikapita.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepima dirisha la chumba cha juu kwa ajili ya pazia. Upana hatua mbili. Mama Kadi alinikuta huko na futi ya mke wangu shingoni. Akasema mwanga wa asubuhi humo ni mkali, pazia liwe zito. Nikamuuliza anajuaje. Akasema aliwahi kulipima, miaka kumi na tisa iliyopita.

Nikashuka. Ngazi ni kumi na nane.

Ijumaa, 14 Machi

Bodi imekuja. Watu watano. Mwenyekiti ni mama mmoja mrefu, daktari mstaafu wa mifugo, anayetazama watu kama anakadiria uzito wao. Nikamkaribisha kwenye kompyuta, nikamshauri ajaribu neno nyuki. Akasema nyuki hajawahi kuwatibu. Akaandika “kwato”.

Nyuki. Reli. Sarufi.

Akasema ajabu. Akaandika “ng'ombe”. Nyuki, reli, sarufi. Mjumbe mmoja akaandika “mapishi”. Nyuki, reli, sarufi. Mkuu akaandika jina lake mwenyewe. Alikuwa nyuki, reli na sarufi.

Niliona aibu. Masikio yaliwaka mpaka nikayashika. Nikasema kuna hujuma katika jengo hili, mtu amekaa kwenye namba 7700 tangu Ijumaa iliyopita, na simtaji jina. Wote wakamtazama Mama Kadi, kwa sababu mimi nilikuwa nimemnyooshea kidole.

Mama Kadi hakukasirika. Aliniomba mwongozo. Nikasema upo kwenye mashati. Kisha nikakumbuka mfuko wa chakula, nikampa ile kola, imelowa mchuzi kidogo. Akaisoma yote, mbele na nyuma. Akauliza ile seva ya Jumanne, yenye vitabu, niliizima lini. Nikasema sikuizima. Akauliza ilikuwa namba ngapi. Nikasema 7700. Nikajisikia nikisema.

Mtu amekaa kwenye dirisha langu siku kumi, na mtu huyo ni mimi.

Nikasema haidhuru, hata hivyo haifunguki, neno la siri limepotea. Mama Kadi akasema halijapotea. Akaenda kwenye madroo, akafungua herufi N, akatoa kadi na kuisoma kwa sauti ile anayosomea wasomaji: Neno la siri, seva, tarehe nne Machi, kama lilivyotamkwa na mhusika. “Chumba cha juu ni changu”, maneno yote yamebanwa pamoja, herufi ndogo, namba kumi na saba, alama ya mshangao.

Alisema alidhani natamka ili yeye aandike. Watu humsomea vitu siku zote ili aviandike.

Akifuata maelezo ya ile kola, alizima seva mbili tupu, akaielekeza programu ya kutafuta kwenye ile ya kwanza, akaandika neno langu polepole kwa kidole kimoja. Ikafunguka. Ikachukua robo saa kupitia vitabu vyote, bodi imesimama. Mwenyekiti akaandika “kwato”. Majibu manne. Akaenda mwenyewe rafuni, akarudi na kitabu alichokisomea mtihani akiwa msichana, na jina lake lilikuwa bado limo kwenye karatasi ya kuazimia. Alikishika muda mrefu. Mkuu akalia kidogo. Hata mimi.

Kisha ikaamuliwa, palepale, wamesimama. Madroo yanabaki. Msimamizi wa mfumo ni Mama Kadi, na chumba cha juu ni chake. Mimi nimepewa stoo.

Jumatatu, 17 Machi

Stoo ya magazeti. Unyevu uleule, taa ileile. Printa imekaa mahali pangu na inaonekana ina raha.

Mama Kadi alishuka saa nne kunijulia hali. Ameniletea koti la zamani la kazi, na kamba iliyoviringwa. Akasema ni kwa ajili ya droo zangu, kama zipo. Kule juu ameshatundika pazia zito. Mke wangu ndiye aliyelishona. Nimeumia kimya.

Lakini nimetafakari makosa yangu, na nimeyaona. Kosa lilikuwa moja: nilitamka kwa sauti.

Humu ndani kuna kompyuta ya zamani na magazeti ya miaka thelathini ambayo hakuna anayejua yana nini. Nimemwandikia Mkuu kwamba nitayawekea mfumo wake wa kutafuta ndani ya wiki mbili. Nimesema nina uzoefu. Nimeshasakinisha seva, mbili kabisa, moja ni ya akiba. Ile kamba nimefungia dirisha dogo la hewa lisigonge.

Mwongozo mpya ni kurasa hamsini na mbili. Mke wangu ana oda ya suruali za kwaya, nimempa zote.

Na neno jipya la siri lina herufi ishirini na tisa, na mwishoni idadi ya ngazi za kushukia huku. Sijaliandika popote. Safari hii hata midomo sikuichezesha.