Kochi la Njiani na Haki ya Kunyamaza

Jumatatu, 3 Juni

Leo serikali imenivamia. Nilikuwa chini ya kochi la mteja, kwenye njia ya waendao kwa miguu mbele ya karakana yangu, nikipigilia mkanda wa kubeba spiringi. Ndani haliingii. Mlango mwembamba, na fundi mwenyewe mpana. Mpwa wangu, binti wa dada, alikuwa amekaa juu ya kochi kukandamiza spiringi zishuke. Mara nikaona viatu, jozi moja, vinang'aa. Afande. Akauliza kochi la nani. Mdomoni nilikuwa na misumari kumi na saba, kama desturi yetu mafundi wa daraja la juu. Nikasema mmh. Afande akamwandikia yule anayeonekana: binti, kosa la kuzuia njia. Siku hizi hawakupeleki popote, wanaandika wamesimama, wanachana karatasi ya faini, wanakukabidhi. Nilipomaliza kutema misumari, alishafika kwa muuza magazeti.

Jioni nilimweleza dada kwamba nilitumia haki yangu ya kunyamaza. Akasema haki hiyo ningeitumia siku ya harusi yake, watu wangekula chakula kikiwa cha moto.

Jumanne, 4 Juni

Kinyozi wa mlango wa pili kaja na ushauri ambao hakuombwa. Anasema tulipe, yaishe. Yeye mwezi jana aliandikiwa kwa kufagia nywele mtaroni, akalipa, dakika mbili, hakuna foleni wala wakili. Anaisifia faini kama mtu anayesifia dawa ya jino.

Nikamwambia: aliyeona ni afande, aliyeshtaki ni afande, aliyehukumu ni afande, na kalamu ni yake. Hata mpira una refa na washika vibendera. Akaniuliza sheria nimeisomea wapi. Nikamkumbusha kwamba viti vyote vya mahakama nilivivalisha vitambaa mimi, wiki tatu, kesi zote zikipita masikioni mwangu. (Zilikuwa siku nne. Kesi moja, ya ukuta wa jirani.) Hakimu alikuwa akikwama ananitupia jicho, mimi naitikia au natikisa kichwa. Watu watatu wako huru leo kwa kichwa hiki.

Kinyozi akacheka hadi akaegemea fremu ya mlango wangu.

Kisha mpwa wangu akasoma nyuma ya karatasi. Kulipa ni kukiri, na kukiri kunaingia kwenye kitabu cha polisi. Yeye Jumatatu anaanza kazi chumba cha dawa cha hospitali, na hadi Ijumaa anatakiwa apeleke cheti cha polisi kwamba hana kosa. Bila cheti, nafasi inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Miaka mitatu amesoma.

Kinyozi akaacha kucheka. Mimi nikatafuta pa kukaa.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata mbinu. Kuthibitisha kisayansi kwamba kochi halizuii mtu! Nikalitoa tena njiani, palepale, nikaomba majirani wapite. Watatu wakapita vizuri. Wa nne, dobi na furushi lake, akakwama, akajikwaruza kiwiko. Anasema yuko tayari kutoa ushahidi. Upande wa polisi.

Mbinu ya pili: barua kwa mkuu wa polisi, kurasa nne, kichwa chake TAMKO LA RAIA. Mpwa wangu ameificha. Karatasi ya faini ina kisanduku cha pili, kile cha kuomba kusikilizwa na hakimu. Amekwenda mwenyewe, ametia alama, ameandikiwa Ijumaa asubuhi. Aliporudi akaniuliza polepole: mjomba, utakuja kusema kochi lilikuwa kwako? Nikamwambia nitatafakari upande wa kisheria.

Alhamisi, 6 Juni

Nimetafakari. Nikisema kazi ni yangu, kosa linanihamia mimi, na watu wa manispaa wameshanionya mara mbili. Ya tatu ni kufuli mlangoni.

Asubuhi nilianza kuchechemea. Nikamweleza dada kuhusu goti, kwamba limeumia zamani nilipobeba kochi la watu sita peke yangu, ghorofa ya nne, nikipiga mluzi. Dada akinisema ninamweza, nimezoea. Leo hakunisema. Alipiga pasi shati langu jeupe, akaliweka juu ya lile goti, akatoka.

Mchana goti likapona. Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya kiti cha mteja. Dakika arobaini.

Ijumaa, 7 Juni

Hakimu mwanamke, miwani puani. Akauliza kama kochi lilikuwa mikononi mwangu. Nikaanza na uhuru wa babu yangu. Akasema ndiyo au siyo.

Ndiyo.

Neno fupi kuliko yote niliyowahi kusema. Akauliza mbona sikumwambia afande. Nikaeleza misumari. Akauliza mingapi. Nikataja. Karani akainamisha uso kitabuni, mabega yakawa yanamcheza.

Afande akaulizwa kama alimuuliza binti kochi ni la nani, na binti akajibu nini. Akasema aliuliza, akasikia mmh, akamwona amekaa. Hakimu akasema mgonjwa akikaa kwenye benchi la hospitali halijawa lake, na kabla ya kumwandikia mtu kosa umsikilize, hata kama kalamu ina haraka. Karatasi ikafutwa. Kuhusu mimi, akasema hakuna karatasi yenye jina langu mezani, na yeye hahukumu kesi ambayo haijaletwa. Niende, nikasafishe njia.

Saa tisa mpwa wangu alikuwa na cheti, muhuri haujakauka, tayari kukipeleka hospitali. Nje ya kituo cha polisi akanishika mkono. Akasema: asante, mjomba, neno moja tu, kumbe unaweza. Dada kanipakulia mimi kwanza, na hakusema lolote kuhusu harusi. Nimelala jioni kama mtoto aliyenyonya.

Jumatatu, 10 Juni

Binti ameingia kazini, koti jeupe, kalamu mfukoni. Mtaa mzima umemwona.

Na mimi nimebadilisha sheria ya nchi. Kinyozi anabisha, ni wivu. Basi leo nimefanya kazi kwa uhuru: kitanda cha futi sita, makochi mawili na kiti cha mzee wa ghorofani, vyote nje. Wapita njia wana barabara nzima.

Afande akapita. Safari hii akauliza kwa adabu, vitu ni vya nani. Ameanza kufundishika! Nikamwambia mimi ndiye mwenye dhamana, vyote vinne, na nimetumia njia hii miaka kumi na moja. Akatoa kalamu, akawa anaandika maneno yangu. Nikapunguza kasi asipitwe. Jina langu nikamtajia herufi moja moja, mara mbili, wakubwa wake wasije wakamsifu mwingine. Akaniomba sahihi. Nikaitia ile ndefu, yenye mikia miwili.

Akachana nakala, akanikabidhi kwa mikono miwili. Sijaisoma, miwani nimeisahau kwa dada. Kesho naiwekea fremu.