Vidonge vya Madini Joto Visifike Kinole

Maimuna Maneno,
Kinole, Milima ya Uluguru,
Morogoro.

Kwa Daktari Abel,
Tiba ya Mionzi, Hospitali ya Rufaa,
Dar es Salaam.

Mheshimiwa Daktari,

YAH: KUPINGA VIDONGE VYA MADINI JOTO NA KUOMBA NIONGEZEWE SIKU ZA MIONZI

Marahaba. Nimetangulia kuitikia kwa kuwa ninakufahamu, ungekuwa hapa ungeshaniamkia. Mimi ni yule mama wa Kinole uliyempa kidonge cha mionzi kwa ajili ya tezi ya shingo, nikakuuliza kama naweza kukisindikiza na chai, ukacheka. Naendelea vizuri. Moyo umeacha kwenda mbio, mikono haitetemeki, na nguo zangu zimeanza kunikaa tena. Kwa hayo nakushukuru sana. Yaliyobaki humu ni malalamiko.

Utakumbuka uliniagiza nikifika nyumbani nilale peke yangu, nitumie vyombo vyangu na nikae mbali na watu kwa wiki mbili, na watoto wadogo niwaepuke zaidi kidogo. Nilitii. Nilihamia chumba cha uani, mume wangu Halidi akafunga kamba ya mgomba kukata uwanja katikati, na hakuna aliyeivuka. Daktari, sikujua kwamba duniani kuna utulivu wa namna ile. Tangu niolewe sijawahi kunywa chai ikiwa ya moto. Nyumba hii ni ya ukoo wa mama yangu, mume ndiye aliyehamia, lakini anayeulizwa panga liko wapi, sabuni iko wapi na kiatu cha pili kiko wapi ni mimi. Hata nilipokonda nikabaki macho matupu, walikuwa wakiniamsha kuniuliza kama nimelala. Nyuma ya kamba chakula kililetwa, kikawekwa chini, na aliyekileta akaondoka mbio. Wiki mbili zilipokwisha nikawaambia ni mpaka daktari aseme. Huu ni mwezi wa tatu, na sasa starehe yangu inataka kuvunjwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kasimiri, tabibu wa zahanati yetu. Ni kijana mzuri ila anajua mambo mengi mno. Kwenye mkutano wa kijiji aliwaeleza watu kwamba kukitokea ajali ya mionzi, wenzetu wa nchi nyingine hupewa vidonge vya madini joto, ambayo ninyi wa hospitali mnayaita ayodini. Alisema tezi ya shingo ina uroho wa madini joto na haijui kubagua. Ikishibishwa yale salama, yale yenye mionzi yakija yanakosa nafasi na kuishia kwenye mkojo. Habari hii niliipata kwa kupigiwa kelele kutoka ng'ambo ya kamba. Halidi hakuchelewa. Alisema basi tumeze vidonge, mama arudi jikoni. Nilisikiliza vizuri kama atataja na chumbani. Alisema jikoni.

2. Kasimiri huyohuyo aliwanyima vidonge, jambo ambalo ningempongeza angeishia hapo. Lakini akaendelea kufafanua kwamba hutolewa wakati wa dharura kwa amri ya serikali, kwamba vinalinda tezi tu na tena dhidi ya ayodini yenye mionzi tu, na kwamba wenye haja navyo hasa ni watoto na wajawazito. Aliyevuka miaka arobaini havimfai sana. Halidi aliumia. Tezi yake hajui iko upande gani, ila kuambiwa imezeeka kulimfanya asusie chakula cha jioni. Kesho yake alijipaka ayodini ya vidonda shingo nzima, akaja kusimama kwenye kamba akiwa kahawia kuanzia kidevu hadi kifuani, akidai ameshakingwa na anaomba nimtafutie kanzu yake ya Ijumaa. Tafadhali mwandikie kwamba dawa ya kupaka vidonda haikingi mionzi. Andika kwa herufi kubwa, miwani yake nayo haijulikani ilipo.

3. Wifi yangu Mwanvita. Alikuja kutoka Dakawa kuniuguza, na mchele. Mchele umekwisha, yeye yupo. Alisoma kwenye pakiti ya chumvi kwamba ina madini joto, akaanza kuila kwa kijiko. Ana presha, Daktari. Alilala siku mbili kichwa kinamgonga, na Kasimiri akapoteza jioni nzima kumweleza kwamba chumvi ingemuua kabla tezi haijashiba. Nilimhurumia kwa umbali ulioelekezwa na hospitali.

4. Habari zimeenea. Mwalimu Winfrida, ambaye kwao ni mbali, na hapa kijijini ana mume, watoto wanne na mama mkwe, alikuja kwenye kamba akaniuliza kwa sauti ya chini ugonjwa huu unapatikana wapi. Wiki iliyofuata wakaja watatu, mmoja kabeba na godoro lake. Sasa fikiria waume zao wakipata vidonge: hakuna mwanamke atakayepumzika tena milima hii. Kwa hiyo napendekeza serikali ianzishe likizo ya mionzi kwa kila mwanamke aliyefikisha miaka hamsini, awe na tezi mbovu au nzima. Serikali isihofie gharama, kamba tutasokota wenyewe.

5. Binti yangu Rehema. Huyu ndiye mtiifu kuliko wote na utiifu wake unanichosha. Amepanga Msamvu, mjini, na kila Ijumaa hupanda kuja kunijulia hali akiwa na mwanawe Furaha, wa miaka miwili. Husimama naye kule barabarani, mbali hata na kamba, wananipungia mkono. Nikimwuliza atamsogeza lini, ananijibu mpaka daktari aseme, maneno yangu mwenyewe. Ni vizuri. Nimemwambia ni vizuri. Mtoto ameanza kuongea na mimi sisikii anasema nini, lakini mtu aliye likizo hawezi kupata kila kitu.

Kutokana na hayo naomba vidonge vya madini joto visipandishwe huku kwa njia yoyote, na uniandikie cheti chenye mhuri kwamba mionzi yangu ni ya mwaka mzima. Ikishindikana, nipe kidonge kingine. Najua ulisema tezi yangu haina kazi kubwa tena, lakini mwili una viungo vingi, tafuta kimoja.

Nisalimie yule muuguzi aliyenifunga kilemba nilipokuwa natetemeka, na mlinzi wa getini aliyezuia ndizi zangu kisha akala mbili. Halidi anakusalimu, shingo haijatakata. Wifi angekusalimu ila nimemwambia sauti nayo inaambukiza.

Ni mimi mgonjwa wako, ninayependa kubaki hivyo,

Maimuna Maneno

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha. Rehema amefika, akageuka kidogo kumwamkia baba yake, na Furaha akamponyoka na kushuka mbio kuelekea kwangu. Wote wameganda, maana hakuna anayethubutu kufika kwenye kamba. Nilipaswa kumfukuza. Nilichosema, na uwanja mzima umesikia, ni hiki: "Njoo, mke mwenzangu, taratibu usijikwae."

Amepita chini ya kamba bila hata kuinama. Hivi sasa amelala mapajani mwangu na ninaandika nimeshikilia karatasi kwa kiwiko. Halidi anafungua kamba na ameshauliza sukari iko wapi. Rehema amesimama palepale, ananitazama mimi, kisha anamtazama mtoto.

Daktari, yote niliyoandika huko juu yafute. Ulisema wiki mbili, na kwa watoto wadogo zaidi kidogo. Nilikuelewa tangu siku ile. Ukisoma ukafika hapa nipigie simu, uniambie kwamba zimekwisha.