Goti Langu na Viazi Vyenu

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Afya,

Salamu. Mimi ni kibarua wa ujenzi, nabeba matofali. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nasema moja kwa moja. Hongera kwa gazeti zuri. Limeniharibia maisha.

Goti langu la kulia limevimba tangu mvua zilizopita. Lilikuwa linavimba kwa amani, halimsumbui mtu ila mimi. Ndipo mkaandika kwamba viazi vitamu huenda vikapunguza uvimbe mwilini. Binti yangu ni fundi cherehani. Alinunua vitambaa, vikafungwa kwa gazeti lenu. Akalisoma. Akaja kulibandika ukutani kwangu kwa uji. Malalamiko yangu ni haya:

1. Neno "huenda". Mmeliandika wenyewe, lakini binti yangu akisoma analiruka kama dimbwi. Mimi nikimwambia msimamizi huenda kesho nikabeba matofali, nafukuzwa leo leo. Nyinyi mnalipwa kwa neno hilo hilo. Nafasi ikitokea hapo kwenu, mnikumbuke.

2. Siku ya kwanza alinisomea kichwa cha habari tu, akawahi kazini, akaniachia viazi vitatu vya moto. Hamkuandika vinaingilia wapi. Uvimbe uko gotini, basi nikaponda kimoja, nikakifunga gotini kwa kitambaa, nikavaa suruali, nikaenda kazini. Saa nne sisimizi wakanipata. Nilivua suruali juu ya jukwaa, watu wote wanaangalia. Mpiga plasta akapaza sauti, "Mzee, ukivuna utugawie!" Tangu siku hiyo naitwa Shamba. Msimamizi naye akasema hataki mtu wa sisimizi kwenye jukwaa lake. Sasa niko chini nachekecha mchanga, nimekalia ndoo kama bibi harusi.

3. Binti alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akasema, "Baba, wewe si mtu wa kuachwa peke yako." Sasa anakuja kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye cherehani yake. Anachemsha. Anasimama mbele yangu, mikono kiunoni, mpaka nimeze. Mkate hakuna. Sukari ameficha. Nikiacha kipande anasema naringa. Mimi, miaka sitini na moja, naringa.

4. Anatumia sufuria kubwa ya marehemu mama yake. Tulipomzika niliifunika, nikaiweka juu ya kabati, miaka mitatu sikuigusa. Nilikuwa na utaratibu wangu: chai ya rangi, mkate, kimya. Sasa nyumba ina mvuke, ina kelele, ina habari za wateja wake wanaonenepa halafu wanalaumu futi ya kupimia. Nani aliwaomba?

5. Kila mwenye uvimbe mtaani anakuja kusoma ukuta wangu. Jana alikuja wa jino.

Kwa hiyo naomba muandike, kwa herufi kubwa, kwamba viazi havisaidii kitu. Au vinasaidia wanawake tu. Ikishindikana, mtaalamu wenu aje abebe matofali mwezi mzima, ale viazi, halafu tupime magoti, la kwake na la kwangu. Binti yangu anaamini gazeti kuliko baba. Mkiandika yaishe, yataisha.

Nisalimie mtaalamu, mchapaji, anayefagia ofisi, na mkeo kama bado anakuachia ule unachotaka.

Ni mimi mwenye goti,
Kibarua wa matofali (kwa sasa mchanga)

Nyongeza: Barua hii imekaa mfukoni siku tatu, natafuta stempu. Goti limenywea. Sijui ni viazi, sijui ni ile ndoo. Huenda. Leo asubuhi binti amelibonyeza, akafurahi, akaosha sufuria, akairudisha juu ya kabati. Amesema kesho hana haja ya kuja. Nikamwambia la kushoto nalo naona linaanza. Hakuniamini, mpaka aone gazetini. Basi hayo ya juu achana nayo. Andika kwamba goti likishanywea, viazi viendelee mwaka mzima, na mgonjwa asichemshe mwenyewe. Na safari hii hiyo "huenda" iondoe.